UZI: Charles Kinney alizaliwa mtumwa, akabatizwa Msabato ukubwani, akawekewa mikono baada ya miaka 11. Wenye wito pitieni hapa

#1 KaraniWaKanisa

Wakuu, Bwana asifiwe.

Kila msimu wa efoti, yaani mahubiri ya hadhara, ukipita, humu jukwaani anaibuka kijana, au hata mtu wa makamo, aliyetoka majini juzi. Moyo unamwaka, anauliza: nifanyeje niwe mchungaji? Anajibiwa ama "wito ni wa Mungu, kaombe," ama "nenda Usa River, Chuo Kikuu cha Arusha, ukachukue fomu." Majibu yote mawili ni ya kweli, ila yanamwacha palepale alipokuwa. Kati ya kisima cha ubatizo na mimbari kuna safari ndefu, na haisimuliwi sana kwa sababu haina vigelegele. Mimi ni karani wa kanisa mahalia kwa miaka mingi. Majina ya wanaopokelewa na ya wanaoondolewa yanapita mikononi mwangu, kwa hiyo jambo hili linanigusa kwelikweli.

Nitalieleza kupitia mtu mmoja: Charles Kinney, mtu mweusi wa kwanza kuwekewa mikono ya uchungaji katika Kanisa la Waadventista Wasabato. Wasabato wengi wa kwetu ukiwauliza habari za waanzilishi watakutajia James na Ellen White, Joseph Bates, J. N. Andrews. Huyu hawamjui, na inaniuma.

Alizaliwa 1855, Richmond, Virginia, akiwa mtumwa. Virginia ya utoto wake ilikuwa na sheria za kukataza watu weusi kukusanyika wafundishwe kusoma. Utumwa unakomeshwa 1865, yeye ni mtoto wa miaka 10 hivi. Akakua, akaelekea magharibi kama wengi waliokwenda kutafuta riziki mbali na mashamba ya mabwana zao wa zamani, akafika Reno, Nevada, mji uliozaliwa na reli.

Mwaka 1878 mhubiri J. N. Loughborough akapiga hema pale Reno. Jumanne moja jioni, tarehe 30 Julai, Ellen White akasimama mbele ya watu kama 400 akahubiri kutoka 1 Yohana 3:1: "Tazameni, ni pendo la namna gani alilotupa Baba, kwamba tuitwe wana wa Mungu." Fikirieni maneno hayo yakiingia masikioni mwa kijana ambaye siku aliyozaliwa alihesabiwa kuwa mali ya mtu. Mwishoni mwa Septemba mwaka uleule akabatizwa, akawa miongoni mwa washiriki waanzilishi wa kanisa la Reno.

Naendelea.

#2 KaraniWaKanisa

Hapa ndipo ninapotaka wenye wito watulie.

Kanisa la Reno halikumpa mimbari. Lilimpa kalamu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukatibu wa chama cha trakti na umisionari cha Nevada. Vyama vile ndivyo vilivyokuwa mishipa ya kanisa wakati huo: kupeleka vijarida kwa watu, kuandikiana barua na wanaouliza maswali, kuweka kumbukumbu za kilichotoka na kilichobaki. Anayefanya kazi hiyo hasimami mbele ya watu. Anakaa mezani, na makosa yake yanaonekana kwenye hesabu.

Akaendelea hivyo. Mwaka 1883, baada ya kumwona kwa miaka mitano, washiriki wa Reno pamoja na Konferensi ya California (konferensi ni ngazi inayosimamia makanisa ya eneo zima) wakampeleka Healdsburg, chuo cha kanisa kilichofunguliwa 1882. Nasisitiza: wakampeleka. Hakuamka asubuhi akasema "Mungu ameniambia niende chuo, nichangieni." Waliokaa naye kwenye viti vya Sabato, waliomjua anaposhika hela za watu na anapokasirika, ndio waliosema huyu aende. Na aliyekwenda ni mtu wa miaka 28 hivi aliyezaliwa mahali ambapo kumfundisha mtu kama yeye kulikatazwa na sheria.

Alikaa pale hadi 1885. Kutoka hapo akatumwa Topeka, Kansas, kufanya kazi kati ya watu weusi wenzake, kisha akashushwa Kusini, Louisville, Kentucky. Mwaka 1889 akawekewa mikono. Kutoka majini hadi mikono, miaka 11.

Paulo alimwandikia Timotheo habari za askofu: "Wala asiwe mtu aliyeongoka karibu, asije akajivuna akaanguka katika hukumu ya Ibilisi." Na mbele kidogo: "Usimwekee mtu mikono kwa haraka." Vijana wetu wakisomewa mistari hii huona wanafungiwa mlango. Mimi naona wanalindwa, maana nimewaona waliopandishwa haraka na nimeandika majina yao pale ambapo sikutaka kuyaandika.

#3 Mjukuu wa Upare

Karani, umenifungua macho. Kwa hiyo huyu aliwekewa mikono miaka 14 kabla Ujumbe wa Kisabato haujafika kwetu? Maana akina Ehlers na Enns, Wajerumani, walifika Upare mwaka 1903 wakaanzia Giti. Mabibi na mababu zetu walibatizwa ukubwani wote, hakukuwa na "Msabato wa kuzaliwa." Hili neno linalotumika siku hizi kuwabagua waliokuja baadaye halina msingi wowote. Endelea mkuu.

#4 Mjita Asilia

Nimesoma kwa makini. Ila mbona umeruka? Kusini mwa Marekani mwaka 1889, mtu mweusi anawekewa mikono katikati ya wazungu, na kila kitu kikaenda shwari? Sidhani.

#5 KaraniWaKanisa

Mjita, sijaruka, nilikuwa naliendea.

Haikwenda shwari. Siku ileile ya kuwekewa mikono, makambini (mkutano mkubwa wa kanisa wa kila mwaka), kulifanyika jitihada za kumtenga yeye na washiriki wake weusi wasichangamane na wazungu. Yaani asubuhi ya furaha kuliko zote katika maisha ya mtumishi, mtu anaambiwa watu wako wakae kando. Viongozi waliokuwa wakifanya kazi Kusini walihofia kwamba wazungu wakiona wamechanganywa na weusi hawatakuja kusikiliza, kazi itakufa. Ndiyo hoja iliyotolewa, na ilitolewa na watu wanaoomba na kufunga.

Kinney hakupiga kelele wala hakukunja jamvi aondoke. Aliyaweka maoni yake wazi, hoja kwa hoja. Alisema kutengwa kungekuwa fedheha kwake na kwa watu wake, na kwamba kunapingana na ujumbe wenyewe tunaouhubiri. Halafu akaongeza jambo ambalo mtu mwenye hasira tupu asingeliongeza: kama hali inalazimisha kazi itenganishwe, basi wapewe watumishi wao, na watu weusi wakiwa wengi wawe na konferensi zao wenyewe zenye uhusiano uleule na uongozi wa juu kama konferensi nyingine. Yaani msitutenge mkatuacha tukiwa watu wa kupangiwa. Kama ni kutenga, basi na madaraka mtupe.

Wazo hilo lilikaa miaka 55. Mwaka 1943 mama mmoja Msabato mweusi kutoka New York, Lucy Byard, akapelekwa hospitali ya kanisa karibu na Washington akiwa mahututi. Ilipotambulika ni mweusi akakataliwa, akahamishiwa hospitali nyingine, akafa. Washiriki weusi wakasema basi, imetosha. Aprili 1944 kanisa likapitisha kuanzishwa kwa konferensi za watu weusi, na zipo hadi leo. Kinney alikuwa bado hai! Alifariki 1951, mzee wa zaidi ya miaka 90. Aliishi akaona kile alichokisema siku ya kuwekewa mikono kikipigiwa kura na watu ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa alipokisema.

Kwa upande wangu, konferensi zile ni dawa ya ugonjwa ambao haukupaswa kuwepo mwilini mwa Kristo. Lakini simlaumu aliyekunywa dawa.

#6 Mjita Asilia

Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Kwa nini alibaki? Alikuwa mtu mzima, alikuwa amesoma, madhehebu ya watu weusi yalikuwepo tele yangempokea kwa mikono miwili. Mimi ningeondoka siku hiyohiyo.

#7 KaraniWaKanisa

Ningekuelewa, ndugu yangu.

Siwezi kusema kilichokuwa moyoni mwake, ila naweza kukuonyesha alichofanya. 1890 anapanga kanisa Louisville. Kabla ya hapo, kanisa letu la watu weusi lilikuwa moja tu, lile la Edgefield Junction, Tennessee, la 1886. 1891 anapanga kanisa Bowling Green, Kentucky. 1892 New Orleans. 1894 Nashville. Nyumba kwa nyumba na vitabu mkononi, katika majimbo ambayo mtu mweusi mgeni akionekana anazunguka zunguka kwenye vijiji angeweza asirudi. Hiyo si kazi ya mtu aliyebaki kwa sababu hana pa kwenda.

Mtu aliyeingia imani ukubwani ana kitu ambacho sisi tuliozaliwa ndani tunakikosa. Yeye aliipima Sabato, akaipima habari ya kurudi kwa Yesu, akakubali akijua anaacha nini. Kwa hiyo viongozi wakikosea, imani yake haitikisiki kwa sababu hakuingia kwa ajili ya viongozi. Nimeliona hili hata kwetu. Kukiwa na mgogoro wa fedha au wa ujenzi, wanaokaa nyumbani mara nyingi ni watoto wa wazee wa kanisa. Yule aliyefukuzwa na ukoo wake kwa kuacha kwenda kanisani Jumapili, anakuja, anakaa, anaimba.

#8 Mwana wa Uamsho

Niko kanisa la kiroho, si Msabato, ila uzi ni mzuri, hongera. Naomba kupinga jambo moja. Sauli aliongoka Dameski, na Matendo 9:20 inasema "mara" akamhubiri Yesu katika masinagogi. Hakungoja miaka 11 wala hakwenda chuo. Kwetu mtu akiokoka leo, kesho anashuhudia. Petro mvuvi alikuwa na shahada gani? Mnauzima moto kwa makaratasi.

#9 KaraniWaKanisa

Karibu sana mpendwa, na hoja yako ina uzito.

Kushuhudia hakumngoji mtu. Msabato aliyebatizwa leo jioni anaweza kesho kumweleza jirani yake, na ndivyo inavyotakiwa. Kinachongojwa ni kukabidhiwa kundi. Huyohuyo Paulo anasimulia katika Wagalatia 1 kwamba alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, na miaka mitatu ikapita ndipo akapanda Yerusalemu kuonana na Kefa. Baadaye tunamkuta Antiokia, miongoni mwa manabii na waalimu wa kanisa lile, na ni katika Matendo 13 ndipo wanafunga, wanaomba, wanaweka mikono juu yake na Barnaba. Petro naye kabla ya Pentekoste alitembea na Mwalimu mwenyewe mchana na usiku kwa miaka. Sijui chuo gani kinachozidi hicho.

Kuhusu moto, nakubaliana nawe kwamba kuna makaratasi yanayouzima. Nimewaona waliorudi na shahada, sauti imebadilika, hawagusi tena mgonjwa. Hilo ni tatizo letu, na halitatuliwi kwa kuacha kusoma.

#10 Fundi Umeme

Mleta uzi, mimi ndiye huyo kijana unayemsema. Nina miaka 31, nilikuwa Mlutheri, nilibatizwa mwaka jana mwishoni baada ya kusoma masomo ya Biblia ya Sauti ya Unabii kisha mahubiri ya hadhara. Naamka usiku nasikia nasukumwa. Mchungaji wa mtaa wetu (yaani kundi la makanisa ya jirani) ana makanisa mengi, simpati zaidi ya dakika chache. Naomba unieleze kwa lugha nyepesi, njia ikoje hapa kwetu? Kwa kweli, bila kunipamba.

#11 KaraniWaKanisa

Fundi, asante kwa kuuliza wazi. Nakueleza kama ninavyowaeleza wa kwetu.

Kwanza ujue pesa inapitaje, maana inaeleza mambo mengi. Zaka unayoiweka kwenye bahasha haibaki kanisani kwako. Mhazini anaipeleka konferensi, na konferensi ndiyo inayowalipa wachungaji wote kwenye eneo lake. Kwa hiyo kanisa lako, hata likupende namna gani, haliwezi kukuajiri uwe mchungaji wake. Ndiyo sababu mchungaji wako ana makanisa mengi, na ndiyo sababu siku moja atapewa barua ya uhamisho na watu watalia. Ukiingia kwenye kazi hii unakuwa wa konferensi, na mkeo na watoto wako wanahama na wewe.

Kwa hiyo kanisa mahalia haliajiri, lakini ndilo linalokujua. Konferensi ikipata jina lako, swali la kwanza litarudi kwa mchungaji wa mtaa na wazee wa kanisa lako: huyu ni nani kwenu? Hapo hakuna cheti kitakachokujibia.

Kwetu kuna ndugu mmoja, sasa yuko masomoni. Alikuja ukubwani kama wewe. Kila robo ya mwaka, Sabato ya Meza ya Bwana, mtu wa kwanza kufika alikuwa yeye. Anawasha jiko la mkaa nyuma ya kanisa, anachemsha maji ya kutawadhana miguu, anayapooza kwa kiwiko asije akamchoma mzee, anapanga mabeseni huku taulo zikiwa zimekunjwa begani. Wakati wa ibada anamwaga maji machafu, anajaza mengine. Hakuna aliyemtuma. Siku baraza la kanisa lilipoulizwa kama lina mtu wa kumpendekeza, hatukujadiliana muda mrefu.

Baada ya hapo ndipo yanakuja uliyoyasikia. Utafundisha darasa la Shule ya Sabato, pengine utachaguliwa shemasi, pengine mzee wa kanisa. Jua tu kwamba mzee anawekewa mikono kwa ajili ya kanisa lake mahalia, na habatizi mpaka mwenyekiti wa konferensi aruhusu, kwa hiyo uzee si uchungaji mdogo. Chuoni utasoma theolojia, hapa Usa River, au ukivuka mpaka kuna Baraton Kenya na Bugema Uganda. Ukimaliza, konferensi inaweza kukuita, na inaweza isikuite, maana inaajiri kwa kadiri ya bajeti. Wapo wahitimu wanaofundisha shule za msingi wakingoja. Ukiitwa unaanza chini ya mchungaji mzoefu, unapewa leseni, unapimwa miaka kadhaa mtaani, wewe na nyumba yako. Ukionekana wito upo, ndipo unapiga magoti na wachungaji wenzako wanakuwekea mikono, mara nyingi makambini, na ile mikono inatambulika na kanisa dunia nzima.

Ni ndefu. Ulisema nisikupambe.

#12 Binti Sayuni

Nauliza kwa heshima: na akina dada wenye wito? Mimi nimesoma theolojia.

#13 KaraniWaKanisa

Dada, Julai 2015 kule San Antonio, Texas, wajumbe wa kanisa la dunia nzima walipiga kura kama kila divisheni (kanda kubwa ya kanisa duniani) iruhusiwe kujiamulia kuhusu kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji. Hapana zikawa 1,381, ndiyo 977. Kwa hiyo huo ndio msimamo. Wapo akina dada wanaohudumu hospitalini, shuleni, vyuoni na kwenye uinjilisti, na wanalisha watu kuliko baadhi yetu wenye mimbari. Naamini konferensi zetu zinaweza kuwaajiri wengi zaidi ndani ya msimamo huohuo, na siachi kulisema kwenye vikao ninavyoingia. Nakuombea.

#14 Fundi Umeme

Karani nimekuelewa, na imenituliza kuliko majibu yote niliyopata. Mawili ya mwisho. Mke wangu bado ni Mlutheri, hataki kusikia habari za Sabato. Na Jumamosi ndiyo siku wateja wangu wako nyumbani, ndiyo siku ya hela. Je, hayo yananiondoa?

#15 KaraniWaKanisa

Hayakuondoi. Ila ndiyo kazi yako ya sasa, kabla ya chuo.

Kwa mkeo, usimgeuze darasa la ubatizo. Hakuolewa na Msabato, wewe ndiye uliyebadilika, kwa hiyo anayepaswa kueleza kwa upole ni wewe. Msindikize usharikani kwao Jumapili kukiwa na shughuli ya familia. Ijumaa kazi za ndani zisibaki kwake peke yake jua likikaribia kuzama, kana kwamba Sabato yako ni mzigo wake: chota maji, menya ndizi, osha watoto. Konferensi itakapouliza habari zako, Paulo ameshaweka kipimo, mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje Kanisa la Mungu? Anayejua jibu la swali hilo ni yeye, si mimi.

Kwa wateja, waambie mapema na uwaambie wote sawasawa: Ijumaa jua likizama simu ya kazi inazimwa, Jumapili saa moja asubuhi niko kwako na vifaa. Wengine watakwenda kwa fundi mwingine, hilo litatokea na litauma. Pale penye hatari ya uhai, waya umekatika umeangukia njia ya watoto, nenda kauzime, na usichukue hela.

Na kama unahitaji kujijengea ada ya chuo bila kugombana na Sabato, kaonane na idara ya uchapishaji ya konferensi yako uulize habari za uinjilisti wa vitabu. Wengi wa wachungaji wetu wamejisomesha kwa begi la vitabu begani, mlango kwa mlango. Utafukuzwa, utakaribishwa uji, utaulizwa maswali ambayo hakuna mwalimu aliyekuandaa kuyajibu. Anza likizo hii, ulete mrejesho humuhumu.